Buruji za Mchanga

Mto Bariadi hauna maji mwaka mzima. Mvua za Novemba zikianza unashuka na matope, magogo na mara nyingine mbuzi wa mtu, na mzazi mwenye akili huwafungia watoto wake nyumbani. Ikifika Julai umebaki mchanga mtupu, mweupe, mpana, na maji yamejificha chini yake. Ukichimba kwa mikono hadi kiwiko kizame, unayakuta, mwanzo machafu, kisha yanajichuja yenyewe hadi unaona vidole vyako. Ng'ombe walinyweshwa hapo, akina mayu, yaani mama zetu, walichota hapo kwa kata, na sisi watoto wa shule ya msingi tulijenga hapo ngome ya Wareno.

Miaka yenyewe ni ya mwanzo wa themanini. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu, ule mkubwa unaokwenda kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Magu. Mkoa wa jina hilo ulikuja kuzaliwa 2012. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini kila nyumba ilikuwa bado inavilipia. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa kujuana na mtu wa dukani. Daftari moja lilikatwa katikati kwa wembe, wanafunzi wawili wakagawana. Chaki zilihesabiwa asubuhi na jioni. Siku hizi tukikutana tunayasimulia hayo kwa kucheka. Wakati ule hatukucheka wala hatukulia, tulidhani ndivyo dunia ilivyo.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa Pangani. Serikali ilimpangia kazi kwetu naye akaja na sanduku la bati, mkeka, na Kiswahili ambacho hatukuwahi kukisikia kikitoka mdomoni mwa mtu aliye hai. Chetu kilikuwa cha darasani. Kengele ikilia tunakirudisha kabatini na kuendelea na Kisukuma. Yeye alinunua nyanya kwa Kiswahili, alifukuza kuku kwa Kiswahili. Dada yake alikuwa ameolewa Mombasa, mtaa wa Kuze, hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome ya Wareno, na kabla ya 1977 Mwalimu alikuwa akipanda basi Tanga na kwenda kumsalimia. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulifungwa hadi 1983. Barua za dada zilimfikia zimechoka, na alizisoma amesimama, kabla hajafika kwenye kiti.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mada ya Wareno pwani, ambayo walimu wengine waliimaliza kwa kipindi kimoja na tarehe za kukariri, kwetu ilichukua kiangazi kizima. Alianza kwa kuichora ngome ubaoni. Chaki ikamwishia kwenye buruji ya tatu, yaani mnara wa pembeni. Akatazama kile kipande kilichobaki kati ya vidole vyake, akakitia mfukoni, akasema: "Wanangu, chukueni majembe. Twendeni mtoni."

Tulidhani tunakwenda kulima bustani ya shule.

Kazi ya kwanza aliyotupa haikuwa Fort Jesus. Alitaka kwanza tujenge ngome mbaya. Tukachora mraba mchangani, ukubwa wa darasa, na katika kila pembe tukajenga mnara wa duara, kwa mchanga uliolowana uliopigwa kwa viganja hadi ukakaza. Kuta zilifika magotini. Tuliridhika nayo sana, na kwa macho yetu ilikuwa imekamilika. Mwalimu akatoa kamba za katani. Kila kamba, alisema, ni risasi ya mzinga, na risasi haikati kona. Tukazifunga kwenye vijiti juu ya kila mnara na kila ukuta, kila mahali ambapo mlinzi angeweza kusimama, tukazivuta moja kwa moja kwenda nje. Zilipomalizika kuvutwa, nje ya ngome palikuwa na wavu wa kamba ambao hata paka asingeupita.

Isipokuwa mahali pamoja. Mbele kabisa ya tumbo la kila mnara palibaki pembetatu ndogo ambayo hakuna kamba iliyoigusa. Mlinzi wa juu ya mnara wenyewe hakuweza kupaona bila kuinama nje na kujitoa roho, na kamba za minara ya jirani ziliuparuza mnara ubavuni zikapita. Mwalimu akamshika mkono mwanafunzi mdogo kuliko sote, mtoto wa darasa la tatu aliyetufuata kwa udadisi wake, akamkalisha katika pembetatu ile. Kamba zote zilimpita. Mtoto akatabasamu, akaanza kuchimba mnara kwa kidole gumba.

"Mnaona anafanya nini?" Mwalimu akauliza. "Hakuna aliyemfundisha."

Hivyo ndivyo ngome za zamani za Ulaya zilivyokufa. Kuta zao zilikuwa ndefu kwenda juu, za kuzuia ngazi na mishale, na mizinga ya karne ya 15 ikazifanya shabaha. Mfalme wa Ufaransa alipoingia Italia na mizinga yake 1494, miji iliyojiona salama kwa miaka mingi ilifunguka kwa muda mfupi wa aibu. Waitalia wakakaa chini wakafikiri. Wakashusha kuta, wakazinenepesha kwa udongo ndani ili zimeze risasi badala ya kuvunjika. Kisha wakaishughulikia ile pembetatu, na ufumbuzi wao ni rahisi hadi unaudhi. Mwalimu alimwinua yule mtoto, akatuamuru: "Pale alipokaa, jazeni mchanga."

Tukajaza. Mnara wa duara ukaota ncha, mbavu mbili zilizonyooka zikikutana mbele, na kila ubavu ukilala sambamba na kamba iliyotoka kwa jirani. Adui hakuwa tena na pa kukaa, maana pale alipokuwa amekaa pamegeuka kuwa ukuta. Fanya hivyo kwenye pembe nne, au tano, au tisa, na ngome ikitazamwa na ndege inakuwa nyota. Wajenzi hawakuwa wakitafuta urembo, walikuwa wakifuata kamba. Huko Italia mji wa Palmanova, wenye ncha tisa, ulianzishwa 1593, na mwaka huohuo, bila watu wa huku na wa huko kujuana, mawe yalikuwa yanapangwa Mombasa.

Fort Jesus nayo ilichorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati wa Milano, mhandisi mkuu wa Wareno mashariki, mwenye makao Goa. Waliomtuma walikuwa na sababu. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuwa ameshuka pwani yetu mara mbili na miji mingi ikampokea kwa furaha, kwa kuwa Wareno walikuwa wamechosha watu. Mara ya pili, 1589, Wareno walimkamata Mombasa, wakati ambapo wapiganaji wa Kizimba nao walikuwa wamefika ng'ambo ya kivuko. Mfalme Philip II, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno pamoja, akaamua kuwa ulinzi wa pwani kwa kupita na merikebu hautoshi. Ngome ilipewa jina Aprili 1593, na ndani ya miaka michache ilikuwa imesimama juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari.

Ina buruji nne. Mbili, Mtakatifu Filipo na Mtakatifu Alberto, zinatazama bara. Mbili, Mtakatifu Mathayo na Mtakatifu Mathia, zinatazama baharini. Upande wa bara ndio wenye buruji kubwa, na chini yake handaki kavu lililochongwa ndani ya mwamba wenyewe. Upande wa bahari umejitokeza mbele kwa jukwaa la mizinga ya kupigia merikebu, na wenye kuitazama ramani husema wanaona mtu aliyelala chali, hicho kikiwa kichwa chake, buruji zikiwa mikono na miguu. Mwalimu alitufanya tuilalie. Mwanafunzi mmoja alilala mchangani amenyoosha viungo vyote, nasi tukamzunguka kwa vijiti, na alipoinuka, ngome yetu ilikuwa tayari imepimwa.

Tuliijenga kandokando ya mkondo, pale mchanga ulipokuwa na ubichi. Handaki lilitushinda kulifanya kavu, kwa sababu kila tulipochimba maji yalipanda, basi likawa la maji. Mwalimu akaamua kutusamehe. Ngome nyingi za namna hii huko Ulaya, alisema, zimejengwa kando ya mito kwa makusudi, mto ukawa handaki la bure upande mmoja; chukulieni kwamba Wareno wamehamia Usukuma. Katikati tukachimba kisima, na hicho ndicho kitu pekee ambacho ngome yetu iliizidi ile ya kweli: maji matamu kwa kina cha mkono mmoja.

Mchezo wenyewe ulikuwa vita. Madongo ya mchanga wa maji yalikuwa risasi, kamba zilikuwa sheria. Nusu walikuwa Waomani wanaoshambulia, nusu Wareno pamoja na Waswahili waliowaunga mkono, na hapo ndipo Mwalimu alipotuonyesha upande mwingine wa hadithi. Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ngome ya ncha haichukuliki. Na kweli kila tuliposhambulia tulirudi tumelowa mgongo. Akatuketisha, akatusimulia jinsi ilivyochukuliwa.

Mara ya kwanza ilichukuliwa kutoka mlangoni. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa Mombasa aliyeuawa kwa hila ya Wareno, alilelewa na haohao Goa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni kama mgeni anayemjua kila mtu, akamchoma kisu mkuu wa ngome, na watu wake wakamaliza kazi. Buruji nne za Cairati hazikupata nafasi ya kufanya chochote. Zilikuwa zinatazama nje.

Mara ya pili ilichukuliwa kwa njaa na maradhi. Waomani walifika Machi 1696, wakazingira. Ndani walikimbilia Wareno wachache na Waswahili wengi zaidi, wanawake na watoto wakiwemo. Msaada ulikuja kwa merikebu kutoka Goa, na pamoja na askari yakaja magonjwa. Mwaka 1697 karibu Wareno wote walikuwa wamekufa, na aliyeshika ulinzi kwa muda alikuwa Bwana Daud wa Faza, na watu wa pwani waliokuwa wamebaki naye. Mwaka huohuo merikebu ya vita Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome, na mabaki yake yapo chini ya bahari hadi leo. Desemba 1698 Waomani walipopanda kuta, waliobaki kuzilinda walihesabika kwa vidole. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zikatokea kwenye upeo wa bahari, zikaona bendera si yao, zikageuza.

Mvulana mmoja aliyekuwa Mreno siku ile akalalamika kwamba huo si ushindi. Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, njaa ni askari." Sisi watoto wa Bariadi hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Tulikula michembe, vipande vya viazi vikavu, miezi ambayo watu wa Pangani wanakula samaki.

Habari za ngome ya mtoni zilimfikia guku wangu, baba yake baba. Alikuwa na kawaida ya kushuka na ng'ombe kunywesha saa za jua kali, na siku moja akasimama na fimbo yake juu ya ukingo, akatutazama kwa muda mrefu. Mwalimu akapanda kumwamkia. "Shikamoo mzee wangu." Guku akaitikia marahaba, kisha, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kifupi, akaniita mimi nitafsiri.

Alitaka kujua ng'ombe wanakaa wapi.

Mwalimu akaeleza kwamba humu hamna ng'ombe, ni ngome ya askari. Guku akafikiri. Akasema basi inalinda nini?

Ilitubidi twende naye mahameni tuelewe swali lake. Guku hakuwa akiishi pale alipozaliwa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipofika Mkoa wa Shinyanga, familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja juu ya mteremko wake, zilihamishwa zikajengewa pamoja kandokando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, kwa kamba ya kupimia. Guku alikuwa akisema serikali imetupanda kwa mistari kama pamba. Kaya yake ya zamani ilibaki nyuma, juu ya luseni, ule udongo wa kichanga wa mteremkoni, ikitazama mbuga nyeusi chini. Nyumba za udongo zilianguka kwa masika mawili matatu. Minyaa ya uzio haikuanguka. Mnyaa ukishauchomeka kijiti ardhini unashika, ng'ombe haugusi, ukame hauutishi, na utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha. Kwa hiyo tulipofika mahameni tuliikuta ramani nzima imesimama, ya kijani, bila nyumba hata moja ndani.

Mwalimu alisimama nje akatazama, kisha akaomba ruhusa ya kuingia. Hilo nalikumbuka kwa sababu hapakuwa na mlango wala mtu.

Ulikuwa mzingo mkubwa wa minyaa, mnene kiasi kwamba mkono ukipenya hautokei upande wa pili. Katikati, mzingo mdogo, zizi. Nyumba zilikuwa kati ya mizingo hiyo miwili, na vihenge vya nafaka nyuma ya nyumba. Kutoka mbugani hadi langoni ilipanda njia ya ng'ombe, iliyobanwa na minyaa kulia na kushoto, mwanzo pana, kisha inazidi kuwa nyembamba, kisha, hatua chache kabla ya lango, inapinda. Mwalimu aliipita njia ile, akafika kwenye pindo, akasimama. Akarudi. Akaipita tena kwa mwendo wa haraka na kulazimika kupunguza palepale. Akaanza kucheka peke yake.

"Mzee wangu, hii kona nani aliiweka?"

Guku alisema ni baba yake, zama za kuogopa Wamasai. Mwalimu akasema ameelewa: adui anayekuja mbio akifika hapa anapunguza mwendo, ubavu wake unakuwa wazi kwa mwenye upinde ndani. Ni buruji, alisema, buruji bila mzinga. Nilitafsiri. Guku akakunja uso. Akasema hapana, Mwalimu amelitazama lango kinyumenyume. Mwizi kuingia si hoja. Mwizi mmoja mwenye nia ataingia popote. Hoja ni ng'ombe kutoka. Akiingia mtu usiku akafungua zizi, anataka kuwatoa mbio kabla mwano, yowe la hatari, haujapigwa. Wakifika kwenye pindo wanasongamana, wa nyuma wanawapanda wa mbele, wanalia, na hapo kaya nzima imeamka. Kona ile imewekwa kwa ajili ya miguu ya ng'ombe.

Nimesoma mengi tangu siku ile kuhusu ngome, na sijaona mahali wazo hilo limeelezwa vizuri zaidi. Ngome ya Cairati imefikiriwa kutoka nje kuja ndani: adui yuko wapi, haonekani wapi, mjazie mchanga. Kaya ya guku imefikiriwa kutoka ndani kwenda nje: mali iko wapi, itapita wapi ikiibiwa, iwekee kizuizi itakayokifikia kwa haraka yake yenyewe. Wasafiri wa Kizungu waliopita nchi za Wasukuma na Wanyamwezi karne ya 19 waliandika juu ya vijiji vyenye uzio wa minyaa, waliuona ukuta. Hawakuwa na ng'ombe wa kutoa mbio usiku, basi hawakuuona mpango.

Kesho yake Mwalimu alitaka tuijenge kaya ya guku kando ya Fort Jesus. Tulichoma vijiti mchangani badala ya minyaa, tukafinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi wa mbugani, kazi ambayo mtoto yeyote wa Kisukuma anaiweza kabla ya kujua kusoma. Vita vikabadilika. Waliokuwa hodari wa kushambulia Fort Jesus walishindwa kuiba ng'ombe kwa guku, na ilibidi Mwalimu atunge sheria mpya kwa sababu wezi walikuwa wakiruka njia na kupita juu ya vijiti. "Hiyo ni minyaa," alikuwa akipiga kelele kutoka ukingoni, "umeshapofuka wewe, toka nje!"

Mvua za Novemba zilizichukua ngome zote mbili usiku mmoja. Hatukusikitika, kwa sababu tulishajua, na kwa sababu wakati ule kijiji kizima kilikuwa na shughuli nyingine. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umechacha tangu vita viishe, bunduki zimezagaa, na ile mistari ya 1974 haikuwa na kona hata moja. Kundi zima lingeweza kupitishwa barabarani hadi ng'ambo ya mto kabla mwenye mali hajavaa viatu. Kutoka upande wa Kahama zikaja habari za sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Wakaanza na kwetu. Mwano ukipigwa kwenye nyumba moja unapokelewa na ya pili, ya tatu, unakimbia mstari mzima kuliko ng'ombe anavyoweza kukimbia, na vijana wa kijiji cha mbele wanakuwa tayari njiani. Sungusungu walifanya na mambo mengine ambayo sitayatetea. Watu walipigwa, na vikongwe walishukiwa uchawi. Ila kwa suala la ng'ombe waliirudisha ile kona, kwa sauti tu.

Mwalimu alihamishwa baadaye kwenda kusini. Mpaka ulikuwa umeshafunguliwa, na natumaini alifika Kuze.

Mimi nilifika ngomeni nikiwa mtu mzima, kwa kazi nyingine kabisa, nikaiba mchana mmoja. Waingereza waliigeuza gereza 1895, ikaendelea kuwa gereza hadi 1958, kisha ikawa makumbusho 1960. Tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Nilimwacha mwelekezaji aendelee na kundi lake, nikaenda moja kwa moja kwenye ubavu wa buruji, mahali ambapo mzinga ungekuwa, nikainamisha kichwa na kutazama sambamba na ukuta. Uso mzima wa buruji ya pili ulikuwa mbele yangu, kuanzia mzizi hadi ncha, wenye rangi ya matumbawe yaliyozeeka. Hakuna pembetatu. Chini handakini walikuwa wanatembea watu wawili na mtoto, na popote waliposogea niliwaona.

Kitu ambacho Mwalimu hakutuambia, au labda hakukiona, ni michoro. Walinzi wa Kireno walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, na kipande cha ukuta huo kimehifadhiwa: merikebu, merikebu tena, samaki, watu. Ni michoro ya watu wasio na kazi. Wamekaa ndani ya ngome isiyo na kasoro, kila pembe inaonekana, hakuna anayekuja, na wanachochora ni njia ya kuondokea. Ukuta huo ulinikalisha kuliko mizinga yote iliyopangwa uani.

Bariadi ya sasa imekuwa makao makuu ya mkoa na inajengwa kwa kasi ambayo guku angeitilia shaka. Malori yanashuka mtoni kiangazi chote kuchota mchanga wa matofali. Ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa hadi kiangazi, yamerudi sehemu nyingi tangu mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, uanze 1986, na watu wengi walikwisha kurudi mteremkoni kwao zamani bila kumwuliza mtu. Mahame ya guku hayakupata mwenye kurudi. Mwaka jana wapima ardhi walipita pale na vigingi, na ukoo ukakubaliana kwamba kabla ya minyaa kukatwa, ramani yake ichorwe. Nikaenda na futi kamba, mpwa wangu na baba mdogo, ambaye ndiye pekee aliye hai aliyelala ndani ya uzio ule akiwa mtu mzima.

Mizingo miwili tuliipima bila shida. Njia ya ng'ombe bado inaonekana, na pindo lake lipo, ingawa upande mmoja minyaa imegeuka miti mirefu kupita paa. Ugomvi ulikuja kwenye lango. Kuna mapengo mawili katika uzio, moja kwenye mwisho wa njia, jingine upande wa machweo, dogo, karibu na vilipokuwa vihenge. Baba mdogo alishika kwamba lango la kaya ni hilo dogo. Nikamwonyesha njia, nikamwonyesha pindo, nikamweleza habari yote ya mwano na miguu ya ng'ombe kama guku alivyoieleza mbele ya Mwalimu.

"Ndiyo, hapo walipita ng'ombe," akasema baba mdogo. "Unadhani sisi tulikuwa tunapita na ng'ombe? Andika lango hapa."

Mpwa wangu akanitazama, kalamu juu ya karatasi. Nikamwambia aandike yote mawili.